Blanketi Lisilokaa Nyuma ya Mlango

Nakumbuka siku niliyoingia Ruiru nikiwa nimebeba gunia la nguo za marehemu mama yangu, huku nyuma shangazi yangu ameapa kwamba nikizikata na kuzishona, nisikanyage tena nyumbani kwake Mwiki. Mjukuu wangu, jana ulikuja na simu yako mkononi ukaniuliza huko Ruiru unakokwenda, kwenye kambi ya kushona, watu hufanya nini. Nikakujibu kwamba hushona. Hilo lilikuwa jibu la mtu aliyekuwa na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, jikoni. Leo githeri imeiva, kaa hapo, nikueleze vizuri.

Nianze na madogo. Kambi ya kushona mablanketi ya viraka ni siku chache za wanawake kufungiwa mahali pamoja na vitambaa, chai na maneno. Utapewa kitanda cha juu, kwa sababu wewe ni kijana na magoti yako bado yanakutii. Beba mkasi wako mwenyewe na uufunge utepe, maana mkasi mzuri ukishaingia kambini hupata jamaa wengi. Beba kitu cha kukalia. Cherehani zitakuwa nyingi na soketi za umeme chache, kwa hivyo utamwona mama mzima, anayeheshimiwa kanisani, akikimbia asubuhi na waya mkononi. Usimcheke, siku ya pili utakimbia naye. Utafumua zaidi ya utakavyoshona, na utasikia habari za ndoa za watu ambazo hukuuliza.

Sasa sikiliza hili, kwa maana ndilo lililotaka kunishinda. Blanketi la viraka lina matabaka matatu: juu ni viraka ulivyounganisha, katikati ni kitu cha kuleta joto, chini ni kitambaa kizima. Yote hutandazwa kwenye fremu ya mbao, halafu wanawake huizunguka na kushona kwa mkono kutoka kila upande. Wakimaliza la huyu, wanaweka la yule. Peke yako humalizi, hata ukiwa na mikono ya namna gani. Ukitaka blanketi lako liishe kabla ya kambi kufungwa, lazima wenzako wakubali kuketi nawe.

Mama yangu alifanya kazi katika kiwanda cha nguo hapa Thika, na tuliishi mtaa wa Landless. Alikuwa na koti la kazi la bluu, refu, lenye mifuko miwili mikubwa. Mfuko wa kulia ulikuwa na doa jeusi la mafuta ya mashine ambalo sabuni zote za Thika zilishindwa kulitoa, kwa sababu kila alipogusa mashine alijipangusa hapo. Na hapo hapo ndipo alipokuwa akitia njugu za kutuletea jioni. Mimi nimekula njugu zenye harufu ya mafuta ya mashine utoto wangu wote, na mpaka leo njugu safi huniona mgeni.

Alipofariki, yule shangazi wa Mwiki, Tata Wangui, dada yake mkubwa, maana kwetu hata dada ya mama ni shangazi, alikuja kusimamia nguo. Watu wa rika lake walikuwa na msimamo wao: nguo za marehemu wapewe watu wa mbali, na zile zisizofaa kupewa mtu zichomwe. Hazibaki nyumbani, na hakuna mtoto wa kuzilalia. Aliweka vitambaa vya kichwa upande mmoja na magauni upande mwingine. Koti la kazi alilitupa kwenye rundo la kuchomwa, bila hata kulikunja. Mimi nilikuwa nimemaliza kujifunza ushonaji mwaka huo, na nilikuwa na kichwa kigumu kuliko sasa, ijapokuwa mjomba wako husema haiwezekani. Nikaliokota. Nikaokota na vingine, nikamwambia Tata kwamba nitavishona vyote viwe blanketi. Ndipo alipoapa.

Kwa hivyo nilifika Ruiru nikiwa nimeshaufunga mlango wa Tata, na bila blanketi ningekuwa nimeufunga bure. Kambi ilikuwa katika ukumbi wa kanisa, na mwenyekiti wa kikundi chetu cha kushona alikuwa mama mmoja tuliyemwita Mama Gathoni, mwanamke mwenye mpango wa kila kitu, hata wa namna ya kupanga viatu mlangoni. Alikuwa ametuagiza tulete vitambaa vipya, vya kijani na vyeupe, kwa kuwa Jumapili wageni wa kanisa wangekuja kuangalia kazi yetu. Nilipomwaga gunia langu mezani, aliliinua koti kwa vidole viwili akaniuliza hili ni la nini. Nilimwambia ukweli. Ningeweza kudanganya kwamba ni mtumba, lakini ningekuwa nimemkana mama yangu mbele ya watu wa chai na mandazi.

Habari ilizunguka ukumbi kabla sijakaa. Jirani yangu wa kitanda alihamisha mto wake, akasema hapo dirishani kuna baridi. Nilikata na kuunganisha viraka vyangu siku hiyo yote, na hakuna aliyenisemesha ila kuniomba nisogee. Siku iliyofuata blanketi langu lilipotandazwa kwenye fremu, viti vilikuwa vitupu. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye fremu nyingine, mabega yanagusana, wanacheka. Nilishona peke yangu upande mmoja tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, na nilipotazama nilichoshona na kilichobaki, nilijua Jumapili itanikuta katikati. Nilikuwa na hasira, mwanangu, na chini ya hasira nilikuwa na aibu. Nakwambia hivyo kwa sababu nawe utahisi, na mtu asikudanganye kwamba wenye msimamo hawahisi.

Ndipo nilipochukua mkasi. Nilijiambia kwamba nikiutoa ule mfuko wenye doa na kuweka kiraka cheupe, lile koti litakuwa kitambaa cha bluu tu kama vitambaa vingine, watu watasahau lilikotoka, na watakuja kuketi. Nilikuwa nimeshaingiza ncha ya mkasi kwenye mshono wa mfuko wakati mkono wenye bangili ulipotua juu ya wangu.

Alikuwa Mama Bhavna. Yeye na mume wake walikuwa na duka la vitambaa Thika, na kikundi kilikuwa kimemwalika atufundishe mshono wa mkono, ule wa nukta ndogo ndogo zinazofuatana, kwa kuwa kwao Wahindi wanawake hushona mablanketi ya namna hiyo tangu zamani. Alikuwa mfupi, mkali, na Kiswahili chake kilikuwa cha kaunta, hakikuzunguka. Aliniuliza nafanya nini. Nikamweleza yote, kuanzia Tata hadi viti vitupu, nikitarajia anihurumie.

"Kwa hivyo wewe umekosana na shangazi yako kwa sababu ya hii koti," akasema, "na sasa unaikata kwa sababu ya wageni wa Jumapili?"

Nikautoa mkasi kwenye mshono, naye akaendelea.

"Nyumbani kwangu iko blanketi ya mama yangu. Juu sari yake, ndani sari ya mama yake, imekwisha kabisa. Nilikuja nayo Kenya bibi arusi. Kitambaa mpya ni ya kuuza, mimi nauza kila siku. Hii huwezi kupata dukani kwangu." Akauchukua mkasi kutoka mkononi mwangu, akautia kwenye kikapu chake. "Kama unaona haya, choma, shangazi afurahi. Kama huoni haya, weka mfuko katikati."

Hakunibembeleza. Alivuta kiti, akavaa ile kofia ya chuma ya kidoleni, akaanza kushona upande wa pili wa fremu. Na mimi nilifumua viraka vya katikati nilivyokuwa nimeviunganisha kwa jasho, nikauweka mfuko pale, na doa lake, mdomo wake ukiwa wazi. Mdomo huo sikuushona. Mfuko uliofungwa si mfuko.

Ungependa nikwambie kwamba ukumbi wote ulikuja. Hapana. Walikuja wawili. Mmoja alikuwa mjane aliyevuta kiti akatia uzi sindanoni, na mwingine ni yule jirani yangu aliyehamisha mto, ambaye alisema dirishani kweli kuna baridi lakini si hiyo iliyomhamisha. Tukashona sisi wanne. Vidole vyetu vilikuwa vimetoboka, na mishono ya yule mjane ilikuwa mirefu kama hatua za ngamia, nami sikufumua hata mmoja. Jumamosi jioni blanketi lilitoka kwenye fremu.

Jumapili Mama Gathoni alipanga maonyesho. Ya kijani na meupe yalitundikwa mbele kwenye kamba, yamenyooka, na kusema kweli yalikuwa mazuri. Langu aliliweka nyuma ya mlango wa kuelekea jikoni, akaniambia kwa upole kwamba wageni wasingeelewa. Upole huo ndio ulionichoma. Nililitoa nikaenda nalo mbele, nikasogeza blanketi lake mwenyewe kidogo, nikalitundika kando yake.

"Mama Gathoni," nikamwambia, "blanketi yangu iko na mama yangu ndani. Haitakaa nyuma ya mlango."

Alinitazama, akatazama kamba, kisha akaenda kuangalia kama chai imetosha. Hatukuwahi kuwa marafiki. Lakini hakuligusa.

Na miongoni mwa wageni alikuja Tata Wangui. Hakujua kwamba nipo. Alisimama mbele ya blanketi muda mrefu, akatambua kitambaa cha kichwa cha maua mekundu, akatambua gauni la Krismasi, na mwisho akauona mfuko. Nilimwona anauona. Mkono wake uliinuka kidogo, kisha ukashika mkoba. Akaniambia alinikataza na mimi nikakaidi. Nikamwambia ndiyo, Tata, nimekaidi. Akaondoka bila kunywa chai.

Mwaka mzima hakunisemesha. Baadaye alianza kuja hapa kwangu Kiganjo, na hakuwahi kulikalia blanketi lile wala kuliweka magotini, mpaka alipofariki. Ila kila alipokuja, kabla hajaketi, alikuwa akiniuliza kama nimelianika juani wiki hiyo. Nami nilikuwa namjibu kwamba nimelianika.

Sasa nirudi kwako, mwanangu. Jana uliniambia umeagizwa vitambaa vya rangi mbili na utanunua. Nunua, siwakatazi watu kupendeza. Jifunze kila mshono watakaokufundisha, waheshimu wakubwa, osha vikombe hata kama si zamu yako, na ukimwona mtu ameketi peke yake kwenye fremu, vuta kiti kabla hujauliza viraka vyake vimetoka wapi. Lakini lile unalolijua kuwa ni lako, usilikate ili watu wakupende. Watu hao watamaliza chai waende kwao, nawe utabaki na kiraka cheupe mahali palipokuwa na mtu wako. Wakikuhamishia mto, lala. Wakikuweka nyuma ya mlango, toka, kwa heshima, lakini toka.

Na hili gauni nililoliweka hapo kitini, lile la kijani nililovaa harusi ya mama yako, si la kufua. Ni lako la kwenda nalo Ruiru. Usinitolee macho. Sijafa, na wala siumwi. Mama yangu hakupata nafasi ya kuona mkasi ukiingia kwenye koti lake, akaachia watu wengine wabishane. Mimi nataka kuona. Anza na mkono wa kushoto, ndio uliochakaa. Kata sawasawa, usitetemeke.

Mungu akupe macho ya kuona uzi, vidole visivyochoka, na watu wawili wa kuketi nawe pale wengine watakapokataa. Akupe maisha marefu, mpaka wajukuu wako nao wagombanie nguo zako. Haya, kata.