Kiganja cha Mwenzangu

Kazi yangu na ya mwenzangu ni moja, kupiga mbizi na wageni na kuwapiga picha huko chini, lakini wageni humtaka yeye. Mimi huchagua filta, kile kioo cha rangi cha kuvisha lenzi, nikiwa bado botini, kwa kukisia. Yeye huteremka na kamera tupu, filta zikining'inia kiunoni kama funguo za mwenye nyumba, kisha hukunjua kiganja mbele ya uso na kukitazama. Maji yakikifanya kionekane cha buluu, huivisha kamera filta nyekundu. Kikiwa cha kijani, ya zambarau. Nami nimewahi kukitazama changu. Nikaona kiganja tu, roho ikaniuma.

Juzi maji yalikuwa ya kijani. Alinigusa bega, akachomoa filta yangu nyekundu, akanivishia kamera ile yake pekee ya zambarau. Yeye akapiga bila filta. Tulipopanda, wageni walishangilia picha zangu za samaki. "Leo umempiku mwenzako!"

Mwenzangu akacheka kwa sauti yake ya puani, kama ya mwenye mafua. "Kanipiku kweli, jamani."

Ningeweza kusema ukweli. Nikaumeza. Filta yake bado imo mfukoni mwangu, na kesho maji yatakuwa ya kijani tena.