Aliyeitwa Msaliti

Ukitaka kulielewa neno msaliti, usiwasumbue wasomi. Njoo umtazame mume wangu. Msaliti si mtu aliyehama tu. Watu huhama kazi, huhama nyumba, na bado wakaagwa vizuri. Msaliti ni yule ambaye wenzake walijua yuko nao, kisha wakamkuta upande wa pili. Na watu wakishakubandika jina hilo, hakuna anayekuuliza ilikuwaje.

Mume wangu ni mwokaji wa mikate. Wafanyakazi wa kiwanda chao walipogoma, yeye alikuwa wa kwanza kuvua aproni. Mgomo unaongozwa na kaka yake, tumbo moja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Wakakaa wote nje ya geti. Lakini ndani kulikuwa na ndoo ya chachu, ambayo isipolishwa unga na maji kila siku inakufa. Mume wangu hakupata usingizi kwa kuiwazia.

"Tukirudi kazini tutaumulia nini mikate?" aliniambia.

Akapitia dirisha la nyuma, akailisha, akatoka na unga mikononi. Hakumwambia mtu, mjinga wa watu.

Kaka yake akamkuta dirishani.

"Umeoka?"

"Nimelisha chachu tu, kaka."

"Chachu ya nani? Si ya bosi? Msaliti mkubwa wewe."

Likaenea hilo. Kinyozi akamwambia hana nafasi, viti vitupu vinamkodolea macho. Mwanetu akarudi kutoka shule analia. Kila asubuhi mume wangu alikwenda kukaa na wenzake getini, nao wakamhama, akabaki na benchi lake.

"Baba watoto, kaa nyumbani," nilimsihi.

"Nikikaa nitakuwa nimekubali."

Mimi nilishakata tamaa. Yeye bado.

Jana alimfuata kaka yake uani, akapiga magoti, mtu mzima, wanawe wanaona.

"Kaka, waambie mimi ni wenu."

Kaka mtu akaanua shati lake kwenye kamba, akaingia ndani, akafunga mlango.

Leo asubuhi nilimpelekea chai pale getini. Bosi akafungua, akasema anayetaka kazi aingie. Hakuna aliyetikisika. Mume wangu akamtazama kaka yake kwa muda mrefu, na kaka yake akatazama pembeni. Mume wangu akanirudishia kikombe, chai hajainywa, akaingia.

Nyuma yake wakapaza sauti neno lile lile. Siku zote alikuwa akigeuka kulikana. Leo hakugeuka.