Simbilisi wa Mama Pazia

Mama Pazia alikuwa ameolewa na kinyozi mwenye mdomo usio na breki, na bado nyumba yake ilikuwa kimya. Mteja akienda kunyolewa kwa bwana yule, anatoka ameshika mbavu kwa kucheka. Lakini mwenyewe akifika nyumbani anavua viatu, anakaa, basi. Muulize habari za kazi: "Nzuri." Chakula je? "Kitamu." Ukimbana zaidi anakwambia maneno yamemwishia kazini. Kuna wanaume jamani!

Watoto walipokuwepo hali haikuonekana. Kitinda mimba alipoolewa, mama wa watu akabaki na cherehani na mapazia ya wateja. Alitaka sauti ndani ya nyumba, wala hakuficha. Redio alishaijaribu, ila redio inaongea na kila mtu. Ndipo akasikia habari za simbilisi, kinyama cha mviringo kisicho na mkia, ambacho hupiga mluzi kikimzoea mtu wake.

"Panya?" mumewe akauliza.

"Simbilisi."

"Mmh," akasema, mazungumzo yakaishia hapo.

Dukani Mama Pazia hakukubali kuharakishwa, kama vile anachagua kitambaa. Muuzaji alimsukumia mweupe mnene, akamkataa kwa sababu ya tongotongo. Wa pili alikuwa mpole mno. "Huyu kalala au kazimia?" Wa tatu, wa kahawia, nywele zimesimama huku na huku, alipiga mluzi mkali alipoguswa jani lake la spinachi.

"Huyu ana mdomo," akasema. "Nipe huyuhuyu."

"Asipowazoea ndani ya wiki, mrudishe tu, mama," muuzaji akamwambia.

Nyumbani alimwandalia kreti pana, nyasi kavu, bakuli zito la maji lisilopinduka, na boksi la viatu lililotobolewa mlango. Akamweka mbali na kelele za cherehani. Simbilisi akaingia boksini, akagoma kutoka. Siku ya kwanza kimya. Siku ya nne kimya. Kula anakula, lakini mpaka mwenye nyumba aondoke. Kila baada ya dakika tano Mama Pazia anainama, anafunua boksi: "Baba, hujambo? Sema basi." Wapi! "Sasa ninao wawili wasiosema," akamwambia dada yake kwenye simu. Akacheka, kisha akalia kidogo.

Jumatatu, siku ya sita, kinyozi alikuwa mapumzikoni. Mama Pazia alienda kupeleka mapazia, na aliporudi akasikia maongezi sebuleni. Akadhani kuna mgeni. Akachungulia. Mumewe alikuwa amejilaza kifudifudi sakafuni, kipande cha tango mkononi, macho dirishani.

"Bwana harusi kanitolea picha, anataka anyolewe vilevile. Nikatazama picha, nikatazama kichwa..."

Simbilisi, nje ya boksi kabisa, akampigia mluzi na kulinyakua tango.

Furaha na wivu vilimpanda Mama Pazia kwa pamoja. Kinyozi alipomwona akainuka haraka, na simbilisi naye akatimkia ndani.

"Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Ukimsimamia juu anaogopa, anadhani mwewe. Mimi nilikuwa nanyoosha mgongo tu, nikaona ananisikiliza."

"Na mimi je?" Mama Pazia akauliza. "Mimi sina masikio?"

Kinyozi akajikuna kidevu. "Kila nikirudi uko kwenye cherehani. Nikaona habari za vichwa vya watu zitakuchosha."

"Miaka thelathini hujaniuliza kama zinanichosha."

"Sijakuuliza," akakiri.

Mama Pazia akavua viatu, akashuka mpaka sakafuni na magoti yake mabovu, akaegemea ukuta.

"Haya. Bwana harusi akafanyaje?"

Kinyozi akajilaza tena kando yake. Kutoka boksini pua ikachungulia.

"Alikuwa na upara," akasema. "Na mtu wa kwenye picha nywele zimemfika mpaka hapa."

Akaonyesha kwenye bega la mkewe, na mkono akauacha palepale.