Nilichezesha Batu Kifo ya Tonton Yangu

Sitafuti huruma. Mimi njo mwenye makosa, na kama kuna mutu hapa Kisangani bado ananiita artiste, ajue anadanganywa. Nimechoka kubeba hii kintu peke yangu. Musikie.

Ninafanya muziki ya ordinateri, ile munaita kompyuta. Gitare sijui, piano sijui. Ninakamata sauti, ninaikata vipande vidogo, ninapanga kimoja nyuma ya kingine, ninatia besi, bon, kazi imeisha. Hiyo haiko mbaya. Mbaya ilikuwa kiburi. Bazee ya kupiga gitare nilikuwa nabaita makumbusho! Mimi, mutu ambaye hata kupiga makofi kanisani ninachelewa!

Tonton yangu, ndugu ya mama, alikuwa anakaa Lubunga, ng'ambo ya mto. Alikuwa mupiga lokole, ile ngoma ya muti iliyochimbwa ndani, haina ngozi, na inasema. Inasema kweli! Kila mutu ya kwetu iko na jina yake ya lokole, jina ndefu. Akikufa, jina ile inapigwa, na batu banaacha shamba, banaacha nyavu, banakuja kilioni.

Siku moja nilivuka na telefone nikamuomba anipigie, nirekodi. Masikini, alifurahi sana! Batoto yake balikatala kujifunza, akafikiri Mungu amemuletea mimi. Akapiga ya kuita mukutano. Akapiga ya furaha. Kisha akapiga moja nzito, ya chini chini, akatia fimbo chini.

"Hii ni ya kifo," akasema. "Nimetia jina yangu mwenyewe, maana ya mutu mwengine siwezi kuchezea. Uchunge, usikilize, ujue. Lakini mbele ya batu usiipige."

"Ndiyo, tonton."

Aka! Huu mudomo yangu!

Kufika nyumbani, munafikiri nilichagua gani? Ile ya furaha ilikuwa inarukaruka, haikutaka kukaa na besi. Ile ya kifo ilikaa juu ya besi kama mufuniko juu ya sufuria yake. Nikaikata, nikaifanya irudie, irudie, irudie. Nikajiambia: nani leo anasikia lokole? Bazee tatu na meno mbili! Nilicheka peke yangu ndani ya chumba, mupumbavu mimi.

Yenga moja, siku ya kusali, kisha misa, tukafanya konseri pembeni ya mto. Na hapa munipe ruhusa niseme siri ingine, maana baartiste benzangu banaficha. Tunaandika "live" kwa affiche, karatasi za kutangaza, kama vile tunapiga palepale. Uongo mutupu! Muziki yote nilikuwa nimeipika nyumbani, imekuwa fichier moja, faili moja tu. Juu ya podium nilifinya kifungo kimoja tu. Vile vingine nilikuwa nazungusha na jasho kwa uso, havikuwa hata na fil, waya ya kuviunga. Batu balipiga kelele: "Ona mikono yake! Ona mikono!" Mikono ya bure!

Tonton alivuka na pirogue, mutumbwi, kuniona. Alikaa kwa kiti ya mbele, na shati yake ya misa, anaambia kila mutu: "Ule ni mutoto ya dada yangu."

Alors, lokole ikaingia. Bafle, visanduku vya sauti, kubwa kubwa, zimetazama maji. Batu bakaruka. Tonton akaanza na kucheka, kisha akaacha kucheka. Akasimama. Akainua mukono, kiganja mbele yangu. Hakuwa anacheza.

Nilimuona. Nasema tena: nilimuona, na nilielewa.

Lakini kutoa lokole peke yake sikuweza, imeishapikwa pamoja na yote. Ningepaswa kuzima kila kintu, na batu bangejua sipigi kintu pale. Donc nikafunga macho, kama mutu ameingiwa na roho, nikaendelea kuzungusha vifungo vilivyokufa. Dakika sita! Dakika sita batu banacheza kifo ya muzee anayesimama mbele yao!

Ng'ambo balisikia. Lokole ilifanywa ivuke maji, na bafle zangu ziliisaidia. Pirogue ikakuja imejaa bamama banalia, na mbele yao tante, bibi ya tonton, bila kitambaa kwa kichwa, udongo kwa uso. Alimukuta bwana yake iko wima. Akamurukia, akamupiga ngumi, akacheka, akaanguka. Na vijana bakafikiri ni sehemu ya spectacle, ya muchezo yetu. Bakapiga makofi!

Tonton hakunitukana. Heri angenitukana.

"Nilikukataza?"

"Ndiyo, tonton."

"Uliniona nikisimama?"

"Hapana, tonton. Jua ilikuwa kwa macho yangu."

Akatafuta jua. Ilikuwa nyuma yangu. Akamushika bibi yake mukono, bakashuka kwa pirogue.

Banasema asiyesikia la mukuu huvunjika guu. Wapi! Mimi guu yangu ilibaki muzima, na muziki ikapendwa. Kwa pikipiki, kwa nganda za pombe, kwa telefone, kila pahali. Lubunga batoto balikuwa banaipiga kwa miluzi. Kuomba samahani? Nilisema nitavuka yenga inayokuja. Nilisema vile yenga nyingi.

Mvua zilipoanza, tonton akakufa kweli. Rafiki yake muzee akashika lokole, akapiga jina yote, asubuhi, akarudilia muchana. Hakuna aliyeacha jembe. Hakuna aliyetoa nyavu. "Ni ile machine ya mutoto ya dada yake," batu balisema, bakaendelea na kazi yao. Mutu aliyeitia batu kwa vifo vya Lubunga yote, kwa kaburi yake tulikuwa batu kenda tu.

Na mimi? Mimi ile lokole niliisikia. Siku ile ya kifo nilikuwa mulangoni napiga musuaki, sauti ikatoka ng'ambo. Nikacheka na povu kwa mudomo. Nikasema: ona, Lubunga banapiga muziki yangu asubuhi yote!

Ninyi ya ordinateri, mukipewa sauti ya mutu, muulize inasema nini. Na mutu akisimama mbele yenu akiinua mukono, muzime. Bacheke, bajue hamupigi kintu, si ni kweli? Muzime.