Wateja, si mateja

Jamani, nimejificha jikoni kwetu, na yote kwa sababu ya herufi moja.

Nasomea shahada ya pili ya biashara na saikolojia ya wateja. Yaani kwa nini mtu anunue sabuni hii, aiache ile. Basi.

Mama yangu, Mungu amuweke, kasikia alivyosikia. Kaenda kutangaza Kiembe Samaki nzima kuwa mwanawe anasomea saikolojia ya mateja.

Leo alasiri, hodi. Jirani yetu Bi Zuwena, kamshika mkono mwanawe Khamis kama mtoto mdogo. Mtu mzima yule, ana ndevu.

Khamis ni teja. Unga umemmaliza. Mtaa mzima tunajua, hatusemi.

"Mwanangu, nimekuletea mgonjwa wako," kasema Bi Zuwena. "Mie nshahangaika, nshachoka."

Nikamtazama mama. Mama anatazama busati.

Nikaeleza taratibu: wateja, Bi Zuwena, wanunuzi, wa madukani. Akatabasamu tu. Kadhani naogopa. "Hakupigi, mwanangu, mpole huyu."

Aliyeelewa ni Khamis. Akacheka kidogo, kainamisha kichwa.

"Mama, huyu anasomea watu wanaonunua."

Kisha akanigeukia.

"Basi mie si ndo mteja wako, dada? Nnanunua kila siku, na sitaki. Niambie kwa nini."

Nikasema naenda kuleta chai.

Chai ishachemka zamani. Anayejua la kumwambia aniandikie, tafadhali. Wamekaa ukumbini, wananingoja.