Vioski Kumi na Kimoja

Mbula Nthiwa hakuwa mtu wa kujisifu, lakini kwa jambo moja alijisifu, na wewe pia ungejisifu: ule mpangilio wake aliouita "Nani Anakunywa".

Alikuwa mchora ramani wa kampuni ya maji pale Kitui mjini. Ukiisikia kazi hiyo utadhani ni ya kukaa kwenye kiti na kubonyeza kompyuta. Thubutu! Mabomba yote, kutoka matangi makubwa hadi kioski cha mwisho cha kuuzia maji kule Zombe, aliyaingiza yeye kwenye programu ya ramani, mengi kwa kuyafuata kwa miguu huku jua likimchoma utosini. Ukitaka kujua maji ya mahali fulani yanaishia kwa nani, unaionyesha programu pa kuanzia, inafuata bomba kuteremka, kisha inakutolea orodha ya vioski. Shida ni kwamba kila mtu aliipanga kivyake. Siku moja bomba lilipasuka, Mbula akapata vioski tisa, Musembi wa ofisi ya Migwani akapata thelathini na viwili, na vyote thelathini na viwili vikafungwa kwa siku mbili. Akina mama walirudi kufukua mchanga wa mto. Matusi waliyoyatoa siku hizo, Mbula anayakumbuka mpaka leo.

Ndipo akaketi akatengeneza mpangilio mmoja wa wote. Alichagua upande wa kuteremka, aina ya mabomba, vioski pekee vitokee, na kile alichokionea fahari kuliko vyote: ufuatiliaji usimame kwenye valvu yoyote, yaani koki ya bomba, ambayo ratiba ya mgao inasema leo imefungwa. Maji huko huenda kwa zamu, Jumatatu upande huu, Alhamisi upande ule, kwa nini uwafungie watu ambao leo si zamu yao? Akauhifadhi kwa jina, akausambaza kwa ofisi zote. "Bonyeza jina tu," aliwaambia. "Usiguse kitu kingine. Musembi, nakujua!" Musembi alicheka. Kwa miaka miwili kila ofisi ilibonyeza, na kila ofisi ilipata jibu lilelile.

Sasa njoo Alhamisi moja ya mwezi wa nane.

Saa mbili asubuhi meneja wao, Wariara, aliingia ofisini bila hata kusalimia, na Wariara si mtu wa kukosa salamu. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka karibu na josho la ng'ombe, upande wa Matinyani. Dimbwi la maji ya josho lilikuwa limekaa juu ya ufa ule usiku kucha, pampu zikiwa zimezimwa, na bomba tupu likayanyonya maji hayo. Saa kumi na moja alfajiri pampu zikawashwa, na dawa ya kupe ikasukumwa pamoja na maji hadi kwenye matangi ya vioski.

"Tumeshafunga bomba," Wariara alisema, "lakini yaliyo kwenye matangi yako kwenye matangi. Mbula, nani anakunywa?"

Mbula alibonyeza. Vioski kumi na kimoja. Simu ikalia, Musembi huyo: "Mimi nina kumi na kimoja." Ofisi ya Matinyani nao, kumi na kimoja. Wariara akashusha pumzi. Orodha ikaenda kwa machifu, makanisani na kwenye redio ya Kikamba, na chini yake Wariara akaongeza mstari mmoja wa huruma: wanaotaka maji wapande hadi kioski cha kilimani, tangi lake lina maji ya zamu iliyopita na ni salama, kwa kuwa kiko nyuma ya valvu namba tisa na leo imefungwa.

Redio ndogo ya ofisini ilikuwa dirishani. Tangazo la maji lilisomwa, vioski vikatajwa kimoja kimoja, na Mbula akajisikia vizuri, kwa nini nifiche, alijisikia vizuri kusikia kazi yake ikisomwa redioni. Kisha mtangazaji akabadilisha sauti na kuingia matangazo ya vifo. Mzee Ndululu, mzee wa kanisa, ameacha mjane na watoto saba, mazishi ni leo nyumbani kwake kilimani, upande wa Matinyani.

Mbula aliganda, mkono juu ya kompyuta.

Kuna kitu ambacho hakimo kwenye ratiba yoyote ya mgao, na kila Mkamba wa pande zile anakijua. Nyumba ikifiwa, fundi wa valvu huwafungulia maji. Haombwi wala halipwi, na hakuna karatasi. Watu mia tatu wanakuja kuzika, utawapikia kwa nini, mate? Alfajiri ya mazishi fundi hupita kimya, huzungusha valvu, na jioni hurudi akaifunga. Meneja aliyetoka Nyeri hawezi kulijua hilo. Lakini Mbula? Mbula aliyemzika baba yake Jumanne moja ya zamani, na maji yakatiririka bombani siku isiyokuwa yao, akayanywa na kushukuru?

"Ngai wakwa, Mungu wangu," alisema. Alifungua mpangilio wake, akaliondoa lile sharti la valvu, akabonyeza tena. Ishirini. Kioski cha kilimani kilikuwa cha kumi na mbili, kikimtazama; vinane vilivyobaki vilikuwa nyuma ya valvu za pande nyingine, zisizo na msiba.

Alimpigia Mzee Kitonga, fundi wa valvu. Simu iliita mpaka ikachoka. Bila shaka alikuwa kaburini na jembe, simu iko kwenye koti, koti liko mtini. Wariara akauliza kuna nini, Mbula akamwambia kwa maneno mawili, na Wariara akashika kichwa. Gari la kampuni lilikuwa kwenye ufa, na kutoka mjini hadi kule kilimani ni nusu saa hata kwa pikipiki.

Shukuru kwamba Mbula alikuwa ameandika namba ya simu ya kila mwenye kioski kwenye ramani. Katunge wa kilimani alishika mara ya kwanza.

"Dada Mbula! Leo mmeniletea biashara! Foleni imefika barabarani, watu wote wa huko chini wamekuja na mitungi."

"Katunge, funga. Funga sasa hivi. Hayo maji yana dawa ya ng'ombe."

"Aa-a. Redio imesema sisi ni sawa."

"Redio imekosea."

"Chifu pia amesema. Na nimempigia Musembi, naye akaangalia kwenye kompyuta." Nyuma yake mtu alikuwa akifoka kwamba foleni haisogei. "Sasa nyote mseme kitu kimoja basi, nisije nikapigwa hapa."

Hapo ndipo Mbula alipouona ubaya wote wa jambo lile. Zamani ukikosea wewe, Musembi alikuwa na jibu lake, mkagombana, na katika kugombana mkaangalia tena. Sasa hakukuwa na wa kumbishia. Watu wote walikuwa wamebonyeza kosa lake.

"Katunge, sikiliza. Orodha hiyo ni yangu. Chifu ameipata kwangu, redio kwangu, Musembi kwangu. Mimi ndiye niliyekosea. Mzee Kitonga amefungua valvu kwa sababu ya matanga, na mimi sikuihesabu. Sasa niambie, kwa Ndululu wameshachota?"

Sauti ya Katunge ikatoka imebadilika. "Walichota wa kwanza. Sufuria tatu za chai ziko motoni."

"Kimbia. Kuchemsha hakuiondoi dawa. Kimbia, usikate simu!"

Wariara alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Walisikia bati la dirisha la kioski likibamizwa, watu wakilalamika, kisha pumzi za Katunge na viatu vyake kwenye changarawe. Walisikia kwaya ikiimba kwa mbali, halafu karibu, halafu Katunge akipiga kelele kwa Kikamba kwamba chai isinywewe, jamani isinywewe! Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Mwanamke mmoja akauliza kwa hasira ni nani huyo asiye na adabu mbele ya maiti. Kisha mshindo, na sauti ya maji yakimwagika motoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Tumemwaga," Katunge alisema akihema. "Vikombe vilikuwa vimepangwa, hakuna aliyekuwa amepewa. Watu wa foleni nimewaambia wamwage pia. Lakini Mama Yvonne, mpishi, anatokwa na jasho. Anasema kichwa kinazunguka."

Mama Yvonne alilazwa siku nne. Katika kikao cha kampuni mtu alitaka Mzee Kitonga afukuzwe, na Mbula akasimama akasema Kitonga alifanya anachokifanya miaka yote, na kwamba yeye Mbula alilijua hilo na hata hivyo akaunda mpangilio kana kwamba halipo. Wariara akasema kikao kiendelee na jambo lingine. Siku hiyohiyo Mbula aliurekebisha mpangilio na kuusambaza upya, na kwenye maelezo yake sasa kuna mstari unaosema umpigie fundi wa valvu kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba yuko salama.

Jumapili alikwenda hospitalini na maziwa na ndizi. Mama Yvonne alikuwa ameegemea mto, macho mekundu, kitambaa cha kanisa bado kichwani.

"Wewe ndiye uliyepiga simu?"

"Ndio, mama."

"Mungu akubariki. Na ile orodha ya kwanza, iliyosema tuko sawa, aliitengeneza nani?"

Mbula aliweka maziwa mezani. Angeweza kusema ni kompyuta.

"Ni mimi, mama. Zote mbili ni zangu."

Mama Yvonne akakirekebisha kitambaa chake kichwani.

"Basi ungepiga mapema kidogo, mwanangu," alisema. "Nilionja mara mbili. Niliona sukari haitoshi."