Mtunza Kelele

Kazi yangu mimi, Philbert, ni kuwanyamazisha watu. Nakaa mezani penye mlango wa ukumbi wa kusomea, kwenye maktaba ya chuo kikuu chetu kidogo hapa Ngara mjini, na kutwa nzima nadai ukimya. Mwanafunzi akicheka namkazia macho. Simu ikilia, mwenye nayo anaujua mlango. Bodaboda zinazopanda kilima kutoka stendi zimenishinda, nazo nazilaani kimoyomoyo. Basi mtanielewa nikisema ni ajabu kwamba mtu ninayemheshimu kuliko wote katika jengo hili ni mama mmoja ambaye, ukiitazama vizuri kazi yake, anatunza kelele.

Jina lake Priscila Nduwayo, lakini sisi tunamwita Mama Iteka, kwa jina la binti yake. Ni mzaliwa wa Kirushya, Mhangaza wa migombani kabisa, aliyekwenda Dar es Salaam kusomea ukutubi hadi shahada ya pili na kurudi na sweta lake lile lile. Anaongoza chumba cha mikusanyo maalumu, kilicho nyuma ya meza yangu. Humo mna vitu visivyoazimwa: magazeti ya zamani, ramani, picha za misheni, na juu ya yote kaseti za marehemu Desderius.

Desderius alikuwa katekista. Miaka ya sabini alizunguka vijiji vya Ngara na Biharamulo kwa baiskeli, redio kaseti ameifunga kwenye keria, akiwarekodi wazee wakieleza koo zao, mizinga yao ya nyuki na namna jembe lilivyofuliwa. Alipofariki, wanawe walituletea kaseti hizo ndani ya masanduku ya bati, nyingine zimeota ukungu. Mama Iteka anazisafisha, anazicheza, anazigeuza kuwa mafaili ya kompyuta, kisha anaziandikia maelezo ili mtu akitafuta apate. Anaifanya kazi hiyo kwa mikono ya mtu anayemwogesha mtoto mchanga, na sijamsikia hata mara moja akisema amechoka.

Kichwa chake, hata hivyo, ni kigumu. Mwongozo tuliopewa ulisema kila kaseti itolewe nakala safi, yaani kompyuta iondoe kuku, kikohozi, mvua juu ya bati na watoto wanaolia, halafu nakala mbichi ifutwe kwa sababu diski zetu ni ndogo. Elick, fundi wetu wa mitambo, mtu mtaratibu asiye na makuu, aliomba hilo lifanyike kama lilivyoandikwa. Mama Iteka akakataa. Alisema nakala safi atatoa, lakini mbichi hafuti. Elick akamuuliza kikaoni, kwa upole tu, kelele za kuku wa mwaka sabini na ngapi zitamsaidia nani.

“Sijui,” akajibu. “Ndiyo maana sizifuti.”

Kikao kizima kilicheka, mimi nikiwa wa kwanza. Yeye hakukunja uso. Alinunua diski ya nje kwa fedha zake, akaifunga kwenye kitambaa cha kitenge na kuiweka kabatini, na tangu siku hiyo nikawa namtania kwamba anafuga kuku wa kidijitali.

Asubuhi moja ya ukungu, ule wa Ngara unaoingia mpaka ndani ya soksi, akaja mzee mmoja na binti yake. Mzee alisimama mbele yangu akasema, kwa sauti ya kuita ng'ombe, kwamba amekuja kumtafuta mama yake. Ukumbi mzima uligeuka. Nikaweka kidole mdomoni. Akarudia, kwa sauti ile ile. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Irine, akainama akaninong'oneza kwamba baba yake hasikii vizuri, nimwie radhi.

Mama Iteka alitoka kwa kishindo changu cha “shhh”. Akapiga goti kidogo. “Shikamoo, mzee wangu.”

Mzee hakusikia. Akazunguka upande wa kulia, akarudia, na safari hii mzee akaitika marahaba.

Mzee huyo ni Bernardo, wa Nyamigogo kule Biharamulo. Maisha yake yote ya utu uzima aliendesha mashine ya kusaga nafaka, na mashine ikamla masikio polepole bila yeye kushtuka. Daktari alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno: sikio la kushoto limekufa, la kulia linafuata, na hakuna dawa. Sasa alikuwa na haja moja tu. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, hajaanza hata shule. Lakini alikumbuka kwamba kabla ya hapo katekista mwenye baiskeli alifika nyumbani kwao kumrekodi babu yake, Karoli, na kwamba mama yake alikuwapo siku hiyo, akiingia na kutoka. Alitaka kumsikia kabla sikio halijafunga.

Mama Iteka alimuuliza kama hawana hata picha ya mama.

“Picha ningeiona hata nikiwa kiziwi,” akasema Bernardo. “Rakini picha hatuna.”

Nilitazama pembeni. Hata mimi nina moyo, pamoja na yote yanayosemwa juu yangu.

Wakaketi mbele ya kompyuta. Mama Iteka akaandika Karoli, akaandika Nyamigogo. Kompyuta ikajibu hakuna. Akajaribu Biharamulo pamoja na nyuki. Hakuna. Irine akaanza kukusanya mkoba wake, kama mtu aliyezoea kuambiwa neno hilo maofisini, lakini Mama Iteka akamshika mkono akamwomba akae.

Huku kwetu herufi l na r ni mtu na ndugu yake wanaoazimana mashati. Mtu anakura ugali na anapiga kula, na wote tunaelewana. Elick alishapendekeza majina yote yanyooshwe yawe sanifu, na Mama Iteka akawa anaandika yote mawili, la sanifu na lile lililo kwenye kaseti, moja chini ya jingine. Ila kaseti za Biharamulo, ingawa zilishageuzwa kuwa mafaili, alikuwa hajaziandikia maelezo. Ziliingizwa kwa kunakili lebo tu, na lebo ziliandikwa na Desderius, ambaye kwa herufi hizo mbili alikuwa mwenzetu. Kwa hiyo akaandika Kaloli. Akaandika Karori. Akaandika Kalori, na hapo babu akajitokeza: Kalori, mambo ya nyuki.

Nilidhani kazi imekwisha. Bernardo akavalishwa hedifoni, sauti ikafunguliwa mpaka sisi wa pembeni tukaisikia, na babu akaanza kueleza jinsi ya kufukiza mzinga. Bernardo alitabasamu. Akamtambua babu yake. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, kisha akavua hedifoni na kutikisa kichwa. Mama hayumo.

Bila shaka hakuwamo. Hiyo ilikuwa nakala safi. Aliyekuwa akiingia na kutoka, akiwaletea wageni maji na kuwafukuza kuku, alikuwa ameondolewa pamoja na kuku wenyewe.

Mama Iteka hakunitazama mimi wala hakwenda kumtafuta Elick ili amsimange, jambo ambalo mimi ningelifanya kwa raha zangu zote. Alifungua kabati, akafungua kitenge, akachomeka diski. Kisha akamuuliza Bernardo, karibu kabisa na sikio, mama yake alikuwa akimwitaje. Alieleza kwamba siku ile nyumbani huenda walikuwapo wanawake wengi, naye hataki kumpa mtu mama asiye wake.

 Mzee akasema, kwa mara ya kwanza akiwa na sauti ndogo, “Belenado. Wengine wote waliniita Bernardo kama padri alivyoandika. Yeye ndiye aliyeniita Belenado.”

Nakala mbichi ilikuwa vurugu tupu. Irine na Mama Iteka waligawana hedifoni moja, sikio kwa sikio, na kwa muda mrefu hapakuwa na jipya. Kisha nikamwona Irine anaziba mdomo. Machozi yakaanza kumtoka. Mama Iteka akarudisha nyuma kidogo, akamvalisha mzee hedifoni, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Bernardo alisikiliza. Alimtazama binti yake analia, akaitazama kompyuta, akamtazama tena binti yake. “Amesema nini?” akauliza. “Mbona mimi simsikii?”

Sijawahi kuona kitu kilichoniuma namna ile katika chumba kile. Mama yake alikuwa mle ndani. Alikuwa mbali na mashine ya katekista, pengine mlangoni, na juu yake babu aliendelea kunguruma habari za moshi. Sikio lililobaki liliweza kumpata babu peke yake. Irine alitaka kumwambia maneno yaliyosemwa, na mzee akamzuia kwa mkono. Hakuja kusimuliwa, alisema.

Mama Iteka aliwaomba walale Ngara. Wana jamaa karibu na parokia, wakakubali. Walipoondoka akamwita Elick, na nikategea sikio nikitarajia ugomvi. Badala yake alimuuliza swali la kifundi: ile programu ya kuondoa kelele, je, inaweza kuelekezwa kwamba kelele ni babu?

Elick alikuna kidevu. Kisha akavuta kiti. Ndivyo nilivyowaona alasiri nzima, watu wawili waliokuwa wakipishana miezi na miezi, wamebanana mbele ya kioo kimoja wakimpunguza Karoli pumzi kwa pumzi. Umeme ulikatika, wakasubiri. Ukarudi, wakaanza upya. Ilibidi pia waitoe kaseti yenyewe kwenye sanduku, kwa sababu mahali pale pale palipotakiwa nakala ilikuwa na mkwaruzo. Utepe ulikuwa umenata. Mama Iteka alifungua kasha kwa bisibisi, akauhamishia utepe kwenye kasha jingine, akaukausha na kuucheza upya, akiwa ameshika pumzi kama vile yeye ndiye utepe.

Elick alipendekeza kitu kimoja zaidi. Sikio la mzee linakamata sauti nzito, kwa hiyo wangeweza kuishusha sauti ya mama iwe nzito kidogo. Ingekuwa rahisi, na ingesikika. Mama Iteka alifikiri sana kabla ya kukataa. Kuiongeza nguvu, sawa. Kumwondoa babu njiani, sawa, maana babu ana nakala yake nzima pale pale na hajapotea. Lakini sauti ya mama asingeigusa. “Ikiwa nzito si yake tena,” alisema. “Tutakuwa tumempa mzee sauti ya kompyuta.”

Huo ndio uhodari wake, nami nausema bila haya. Wengi wetu tunajua kuhifadhi. Yeye anajua pia mahali pa kusimama, hata pale kusimama kunapoweza kumkosesha anachokitafuta.

Asubuhi walirudi. Bernardo alikuwa amevaa koti la Jumapili. Safari hii Mama Iteka hakumpeleka chumbani kwake, kwani fundi wa umeme alikuwa akitengeneza soketi humo. Alimketisha ukumbini, meza ya mbele, hatua chache kutoka kwangu, wanafunzi wakiwa wamejaa kwa sababu mitihani ilikuwa imekaribia. Akamweka hedifoni upande wa kulia na kuishikilia kwa kiganja chake, ibane. Elick alisimama nyuma, mikono mfukoni. Irine alifumba macho.

Mama Iteka akabonyeza.

Mimi nilishayasikia maneno hayo jana yake, na kwa kuwa mama yangu ni Msubi niliyaelewa. Ni mwanamke mchanga, ana haraka, ana kitu kizito mikononi maana anahema. Hasemi jambo kubwa. Anasema, kwa Kisubi: Belenado, toka hapo. Usiiguse mashine ya mgeni, itakumeza sauti. Basi. Kisha kuku mmoja analia, na hayo ndiyo yote aliyoyaacha duniani.

Bernardo hakutikisika. Nikamwona Elick anainamisha kichwa, na mimi nikafikiri kwamba tumeshindwa, kwamba sikio lilikuwa limefunga usiku wa kuamkia siku hiyo, na kwamba msimamo ule wa jana nilioukubali sana ulikuwa kosa. Mama Iteka hakuondoa kiganja chake. Akarudisha mwanzo, akabonyeza tena.

Mabega ya mzee yakashtuka. Akairudisha mikono yake haraka kutoka mezani, akaificha mapajani, kama mtoto aliyekutwa anagusa kitu cha watu.

“Naam, mama,” akasema.

Alisema kwa sauti yake ile ya kuita ng'ombe. Ukumbi mzima uliinua vichwa kutoka kwenye vitabu, kisha wote wakanigeukia mimi, wakisubiri. Nilikuwa nimeshainua kidole. Nikakishusha, na mzee akaitika mara ya pili.